Jeni na ugonjwa wa Alzheimer: Kurithi hatari si kurithi ugonjwa

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

MZEE anapoanza kupotea njia ya kurudi nyumbani kutoka sokoni Ujiji, au kuwaita wajukuu kwa majina ya ndugu waliokwisha kufariki, maneno huwa mengi. Wapo wanaosema ni uzee tu, wapo wanaotaja uchawi, na wapo wanaohofu kuwa huo ni ugonjwa wa ukoo utakaowafuata watoto wake wote.

Hofu hiyo ya mwisho ina chembe ya ukweli, lakini ni chembe tu. Sayansi ya vinasaba inaonesha kuwa wengi hurithi hatari ya kuugua, si ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Mjerumani Alois Alzheimer, ndio chanzo kikubwa cha kupungukiwa akili uzeeni. Protini iitwayo amiloidi hujikusanya katikati ya seli za ubongo, na nyingine iitwayo tau hujisokota ndani ya seli hizo. Seli hufa taratibu, na kumbukumbu hupotea pamoja nazo.

Jeni zinazosababisha ugonjwa

Jeni tatu, APP, PSEN1 na PSEN2, zikiwa na kasoro fulani huleta ugonjwa karibu kwa hakika, mara nyingi kabla ya miaka 65. Mzazi mwenye kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kumrithisha kila mtoto. Hata hivyo, familia za namna hii ni chache mno, chini ya mgonjwa mmoja katika kila 100.

Jeni inayoongeza hatari

Kwa walio wengi, jeni inayotajwa zaidi ni APOE, iliyoko katika kromosomu ya 19, ambayo hutoa maelekezo ya kutengeneza protini ya kusafirisha mafuta mwilini na katika ubongo. Ina aina tatu kuu: E2, E3 na E4. Kila mtu hupata nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibaini kuwa E4 huongeza hatari. Miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja huifanya hatari kuwa kama mara tatu, na nakala mbili huifikisha mara nane au zaidi. E2, kinyume chake, hupunguza hatari. Hata hivyo, wapo wenye E4 wanaozeeka na akili timamu, na wapo wasio nayo wanaougua.

Funzo kutoka kwa sokwe mtu

E4 si jambo geni lililoingia juzi. Wanasayansi wanaamini kuwa ndiyo aina ya kale zaidi kwa binadamu. Sokwe mtu, jamaa wa wale wa Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza Julai 1960, wana aina moja tu ya APOE. Aina hiyo inafanana na E4 katika sehemu mbili muhimu, ingawa tofauti nyingine ndogo huifanya itende kazi kama E3.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu bongo za sokwe mtu wazee waliofugwa Marekani ulikuta amiloidi na tau, lakini haijathibitishwa kuwa sokwe hupata ugonjwa kamili kama binadamu.

Afrika ina picha yake

Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 katika jarida la East African Medical Journal ulionesha kuwa E4 ni ya kawaida miongoni mwa wazee wa Kenya na Tanzania wasio na tatizo la akili. Huko Ibadan, Nigeria, ilibainika mwaka 2001 kuwa Wayoruba walikuwa wakipata Alzheimer kwa kiwango kisichofikia nusu ya kile cha Wamarekani Weusi wa Indianapolis. Tafiti za baadaye zinaashiria kuwa vinasaba vya asili ya Kiafrika vilivyo jirani na E4 hupunguza makali yake.

Hiyo haina maana kwamba Waafrika wamekingwa. Utafiti wa Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2013, ulikadiria kuwa watu wapatao sita katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea walikuwa na tatizo la kupungukiwa akili.

Nini kifanyike

Jeni haibadilishwi, lakini mengine yanawezekana. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilieleza mwaka 2024 kuwa karibu asilimia 45 ya matukio ya kupungukiwa akili duniani yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, kisukari, sigara, upofu na uziwi usiotibiwa, upweke, elimu duni na majeraha ya kichwa. Kofia ngumu kwa abiria wa bodaboda, kwa hiyo, ni kinga ya ubongo pia.

Mzee anayesahau apelekwe kituo cha afya mapema, na ikibidi apewe rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa ya Maweni. Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona na baadhi ya maambukizi huweza kufanana na Alzheimer, nayo yanatibika.

Jambo hili si dogo. Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi zimewahi kushuhudia wazee, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma za uchawi. Bibi anayezungumza peke yake usiku au kutangatanga asijue aendako anaweza kuwa mgonjwa. Anahitaji daktari, na jamaa wa kumshika mkono.