Uzee na Kustaafu Katika Nchi ya Usagara

Neno kustaafu liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na asili ya maana yake ni kuomba kuachiliwa: mtumishi humwendea bwana wake akataka atuliwe mzigo. Ndani ya neno hilo, basi, mna watu wawili, mwombaji na mwombwaji. Karani anaye wa kumwomba. Mwalimu, askari na mfanyakazi wa reli wanaye pia. Mkulima amwombe nani? Jembe halina ofisi, wala mvua haipokei barua. Swali hili si la mzaha. Katika kata ya Kisanga, iliyo upande wa Mikumi katika Wilaya ya Kilosa, kama katika sehemu nyingi za Tanzania, watu wengi huzeeka bila ya kustaafu, na wachache waliostaafu huishi katikati yao. Furaha na mashaka ya wastaafu hao hayaelezeki vema mpaka hali hiyo ya ujirani itazamwe kwanza.

Wasagara, kama jirani zao Wavidunda, Wakaguru na Waluguru, tangu zamani walihesabu ukoo kwa upande wa mama. Ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mtu aliyekwenda kuomba mahali pa kulima alikwenda kwa wajomba zake. Mzee katika mpango huo hakuwa mtu aliyemaliza kazi. Nguvu za mikono zilipopungua, aliachiwa kazi za ulimi na kumbukumbu: kujua mpaka wa shamba ulipita wapi kabla mti wa alama haujaanguka, kukumbuka nani alimwoa nani na kwa mahari gani, kuongoza tambiko mvua ilipochelewa, na kusuluhisha. Hapakuwa na siku aliyoambiwa kwamba kuanzia kesho hahitajiwi. Haifai, hata hivyo, kuyapamba mambo hayo kupita kiasi. Mzee asiye na wapwa wa kumlimia aliona taabu, na mwanamke mzee asiye na watu aliweza kushukiwa uchawi. Usalama wa uzee ulikuwa katika wingi wa jamaa, na aliyekosa jamaa alikosa kila kitu.

Yapo maingiliano ya tarehe ambayo mwanahistoria hawezi kuyapita kimya. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Usagara akikusanya mikataba, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya kuziweka nchi hizo chini ya himaya yake. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1889, serikali iyo hiyo, Bismarck akiwa waziri wake mkuu, ilipitisha sheria ya pensheni ya uzee kwa wafanyakazi wa Ujerumani. Mfanyakazi alichanga, mwajiri alichanga, na dola iliongeza. Umri uliowekwa ulikuwa miaka 70, ukashushwa hadi 65 mwaka 1916. Hivyo Msagara na kibarua wa Berlin walikuwa chini ya bendera moja, lakini sheria ile ya uzee haikuvuka bahari. Kilichovuka ni kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, na kodi ndiyo iliyowasukuma watu kwenda kutafuta fedha katika mashamba ya walowezi. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kufika Kigoma mwaka 1914, na kandokando yake mashamba ya mkonge yakaenea, hasa pande za Kimamba.

Manamba waliokuja kutoka mbali kukata mkonge ndio watu wa kwanza katika wilaya hiyo waliozeeka kwa namna mpya. Walikuwa mbali na wajomba zao, na mwajiri wao hakuwa mjomba. Wengine walirudi kwao. Wengine waliposhindwa kurudi walibaki Kilosa, wakaoa, wakaomba vishamba kwa wenyeji. Kwa walioajiriwa nje ya serikali ilikuwa mpaka sheria ya mwaka 1964, iliyoanzisha mfuko wa taifa wa akiba ya wafanyakazi. Lakini akiba ile ililipwa kwa mkupuo mmoja. Mtu aliondoka nayo siku moja, akajenga, akasaidia, akadaiwa, ikaisha, naye bado yu hai. Malipo ya kila mwezi kwa watu wa namna hiyo yaliletwa na sheria ya mwaka 1997, iliyougeuza mfuko ule kuwa wa hifadhi ya jamii.

Sasa mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na kwa lazima akitimiza 60. Arudiye Kisanga au vijiji vya jirani hukuta starehe ambazo mshahara haukuweza kumnunulia. Anaamka alfajiri kwa mazoea ya miaka thelathini, kisha anakumbuka kuwa hakuna anayemngoja. Hapo ndipo utamu wa asubuhi unapoanza. Hupalilia migomba yake bila ya haraka. Husikiliza taarifa ya habari mpaka mwisho, akambishia msomaji wake. Jioni kuna bao, na bao halijali cheo: aliyekuwa mkuu wa shule hufungwa na mtu asiyejua kusoma, tena mbele ya watu, na kucheka hucheka wote. Wajukuu humtania kama desturi inavyowaruhusu, naye huwajibu kwa maneno ambayo asingethubutu kuwaambia watoto wake. Huandikiwa watu barua, hutafsiriwa hati, huitwa katika misiba na mashauri. Yamkini raha kubwa ya mstaafu ni hiyo: kuhitajiwa pasipo kuamriwa. Wenye kushindwa ni wale waliodhani cheo ndicho kilichokuwa kikisalimiwa, wakakaa barazani kungoja salamu za zamani.

Watu wawili mashuhuri waonyesha jinsi muda huo unavyoweza kuwa mfupi au mrefu. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909, alitumika serikalini tangu 1926, kwanza katika forodha, na kwa muda katika idara ya mifugo huko Mpwapwa, si mbali na Kilosa. Aliacha kazi mwaka 1960, akafariki Juni 1962. Miaka miwili! Angengoja mapumziko ndipo aandike, Kiswahili kisingekuwa na fasihi ile. Aliandika usiku, baada ya kazi za ukarani. Julius Nyerere aliacha urais Novemba 1985, akaishi miaka kumi na minne zaidi. Alirudi Butiama akalima, akacheza bao, akatafsiri Injili kwa tenzi zilizochapishwa mwaka 1996. Lakini mwaka huohuo alikuwa pia msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, na kazi hiyo hakuimaliza alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mmoja hakupewa muda wa kupumzika, wa pili hakuachwa apumzike. Hata hivyo wote wawili walikwisha kujua la kufanya na maisha yao kabla ya siku ya kuachiliwa, na hapo ndipo wanapotofautiana na mstaafu anayelianza swali hilo akiwa na miaka 60.

Swali hilo halikai peke yake bila ya lile la fedha. Mwaka 2018 mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa, na kanuni ya kupunguza malipo ya mkupuo hadi asilimia 25 ilizua malalamiko makubwa hata Rais Magufuli akaisimamisha Desemba mwaka huo. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na katika bajeti ya mwaka 2024 ikatangazwa 40 kwa waliokuwa wakipata nusu zamani, na 35 kwa wengine. Wenye kutetea kanuni hizo walikumbuka, kwa haki, yaliyowapata watu wa akiba ya mkupuo. Lakini mstaafu hujenga nyumba kwa mkupuo, si kwa pensheni ya mwezi, na asiye na nyumba hana baraza ya kuchezea bao. Usagara huongeza fundo lake: kwa desturi wapwa humtazama mjomba aliyerudi na fedha kama haki yao, ilhali sheria ya mifuko huwatazama mjane na watoto. Mzee aliyesifiwa kwa kusuluhisha mashauri ya wengine huacha shauri gumu kuliko yote nyumbani kwake.

Zanzibar, Aprili 2016, ilianza kumlipa kila mzee aliyefika miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, bila ya kumwuliza aliajiriwa na nani. Ni umri uleule wa sheria ya Bismarck. Aprili ni mwezi wa masika, na mkulima wa Kisanga mwenye umri huo, ambaye Bara haikuwa na mpango wa namna hiyo kwa ajili yake, alikuwa na palizi mbele yake, na baada ya palizi kulinda mpunga usiliwe na ndege, kazi ambayo aghalabu huachiwa watoto na wazee.