Ulinzi wa Wanafunzi wa Kilimanjaro Ughaibuni

Kahawa ndiyo iliyowafungulia vijana wengi wa Kilimanjaro njia ya vyuo vya ng'ambo. Wakulima wa mlimani waliunda chama chao cha kwanza, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 nafasi yake ikachukuliwa na KNCU, ushirika wenye makao yake mjini Moshi. Shule zilikuwa zimetangulia: wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Fedha za kahawa zilipokutana na madarasa ya misheni, kikazaliwa kizazi kilichosoma mapema kuliko wenzao wa sehemu nyingi za Tanganyika. Thomas Marealle, aliyechaguliwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwishoni mwa 1951, alikuwa amekwisha kusoma Uingereza katika miaka ya 1940.

Wanafunzi wa wakati huo walikuwa wachache, na kila mmoja alikuwa na mwenyewe: serikali, kanisa au baraza lililomdhamini lilimjua kwa jina na kwa ukoo. Kuanzia mwaka 1950 shirika la British Council lilipewa kazi ya kuangalia hali ya wanafunzi waliotoka makoloni. Liliwapokea bandarini na kuwatafutia malazi. Kazi hiyo ya pili ilikuwa ngumu, kwani wenye nyumba wengi wa London waliandika waziwazi kwamba hawapangishi Waafrika, na sheria haikuwazuia kubagua kwa namna hiyo hadi mwaka 1968. Aliyepata chumba alikuta mita ya gesi ukutani, inayodai shilingi ndipo moto uwake. Katika chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, gesi iliyovuja iliweza kuua usiku mmoja. Mtu wa mlimani anayejua hatari ya kulala na jiko la mkaa ndani hakuhitaji maelezo marefu.

Hatari nyingine ilikuwa barabarani. Mwaka 1958, mwishoni mwa Agosti, makundi ya vijana wa Kizungu yalianza kuwawinda watu weusi katika mitaa ya Notting Hill. Ghasia hizo ziliwalenga hasa wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi, lakini mwenye rungu hakuuliza mtu katoka Jamaica au Marangu.

Uhuru wa mwaka 1961 uliongeza milango. Sasa vijana walikwenda Moscow, Sofia, Beijing na Ujerumani Mashariki, ambako wageni walijifunza Kijerumani katika Taasisi ya Herder, mjini Leipzig. Ndiyo Leipzig ileile iliyowaletea babu zao alfabeti na katekisimu, ila safari hii ilikuwa mikononi mwa chama cha kikomunisti kisichotaka habari za kanisa. Nchi hizo ziliahidi masomo bure na udugu, lakini ahadi haikufika mitaani. Mwezi Machi 1962 mwanafunzi kutoka Zanzibar alipigwa na wahudumu wa hoteli mjini Beijing, na wanafunzi wengi wa Kiafrika wakaamua kuondoka China. Februari 1963 wanafunzi wa Kiafrika walikamatwa Sofia kwa sababu ya kutaka chama chao wenyewe, na wengi wakaihama Bulgaria. Desemba mwaka huohuo mamia waliandamana hadi Uwanja Mwekundu, Moscow, baada ya Mghana mmoja kukutwa amekufa. Katika matukio hayo ulinzi ulitoka kwa wanafunzi wenyewe: waliungana, wakapaza sauti, na aliyeshindwa kuvumilia akafunga mizigo.

Tangu miaka ya 2000 anayelipa amebadilika. Familia huuza ng'ombe au kiwanja, ndugu huchanga kama wanavyochangia harusi, na wakala hutafuta nafasi ya chuo India, China, Uturuki au Ulaya Mashariki. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huangalia kama chuo na shahada vinatambulika, jambo la maana sana, lakini kutambulika kwa shahada hakusemi lolote kuhusu usalama wa mtaa. Tarehe 31 Januari 2016, katika viunga vya Bangalore, gari la Msudani lilimgonga na kumuua mwanamke mwenyeji. Umati uliojaa hasira ukamvamia msichana wa Kitanzania, mwanafunzi aliyepita hapo baadaye na hakuhusika kabisa. Alipigwa na kuvuliwa nguo, na gari alilokuwamo likachomwa.

Vita vya Ukraine, vilivyoanza tarehe 24 Februari 2022, vilikuta huko Watanzania wapatao 300, wengi wao wanafunzi. Tanzania haikuwa na ubalozi Kyiv. Shughuli zake za Ukraine ziliangaliwa kutoka ubalozi wa Stockholm. Waliokuwa magharibi walikimbilia Poland na nchi jirani. Waliokuwa Sumy, karibu na mpaka wa Urusi, walizingirwa. Maji yalipokatika, wanafunzi wa kigeni katika mabweni ya mji huo walikusanya theluji na kuiyeyusha, hadi tarehe 8 Machi mabasi yalipowatoa kuelekea Poltava.

Israeli ilikuwa tofauti, kwani Tanzania ilikuwa imefungua ubalozi Tel Aviv mwaka 2018, na vijana wapatao 260 waliokuwa huko mwaka 2023 walikwenda kwa mpango uliojulikana na serikali, wakijifunza kilimo cha kisasa kwa vitendo. Mpango huo uliwasambaza katika mashamba, na mengine yalikuwa karibu kabisa na Gaza. Katika shambulio lililotoka Gaza tarehe 7 Oktoba 2023 Watanzania wawili waliuawa. Mmoja alikuwa kijana wa Rombo, mhitimu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, aliyekuwa amefika Israeli mwezi uliotangulia. Familia yake ilisubiri hadi katikati ya Novemba ndipo kifo chake kikathibitishwa. Mwenzake alitoka Manyara, na mwili wake ulibaki Gaza hadi Novemba 2025.