Cheti cha Ualimu katika Nyanda za Ugogo

Mpwapwa, mji wa Ugogo ulio chini ya vilima mashariki ya Dodoma, ambamo zamani misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilitua ipate maji na chakula, ulijaaliwa mwaka 1926 kupata chuo cha serikali cha kufundishia walimu, miongoni mwa vyuo vya kale kabisa vya ualimu Tanganyika. Kongwa, jirani ya Mpwapwa, nako wamisionari wa Kianglikana walikuwa na chuo chao. Ndipo ilipozuka hoja ambayo hata leo haijafa: ni nani mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwamba mtu huyu ni mwalimu kweli? Serikali ya Waingereza ilijibu kwa ruzuku na ukaguzi, hata shule ya misheni iliyotaka fedha ikalazimika kumfungulia mkaguzi milango.

Baada ya 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi huku Kiingereza kikisalia sekondari, mzigo mzito wa kuwaandaa watoto kwa sekondari ulimwangukia mwalimu wa Kiingereza. Na Azimio la Musoma la 1974, kwa nia njema ya kumpatia kila mtoto elimu, likaharakisha mafunzo ya walimu. Baraza la Mitihani lilikuwapo tangu 1973, na vyeti vilikuwa halali. Lakini mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kufuata masomo kwa Kiingereza. Kwa rai yangu lawama si ya walimu, bali ya kipimo kilichoshuhudia mtihani kikasahau ulimi.