Siku maji yaliyomwagika yalipozoleka

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Wanafizikia nao wana imani inayofanana na hiyo, ingawa wao huiandika kwa alama za hesabu. Leo nataka niwasimulie kuhusu tarakilishi ya miaka ya hamsini iliyoonyesha maji yakimwagika, kisha yakajizoa yenyewe. Nitawasimulia pia kuhusu mwanamke aliyeandika programu hiyo, ambaye jina lake lilikaa pembeni kwa zaidi ya miaka 50.

Mimi mwenyewe nililisikia jambo hili mara ya kwanza chuoni, katika somo la hesabu za tarakilishi. Mhadhiri aliandika ubaoni herufi tatu: FPU. Fermi, Pasta, Ulam. Tukanakili, tukafanya mtihani, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba palikuwa na herufi ya nne.

Twende Los Alamos, katika jimbo la New Mexico, Marekani. Hapa ndipo bomu la atomiki lilipotengenezwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1952 tarakilishi iitwayo MANIAC ilianza kazi huko, ikiwa imejengwa chini ya uongozi wa Nicholas Metropolis. Kumbukumbu yake ilibeba maneno 1,024 ya biti 40 kila moja. Ukipiga hesabu unapata baiti 5,120. Picha moja uliyopiga kwa simu haiwezi kuingia humo hata kipande. Lakini kwa wakati ule lilikuwa dude la ajabu, na kazi yake kubwa ilikuwa hesabu za silaha.

Enrico Fermi, John Pasta na Stanislaw Ulam walitaka kuipa mashine hiyo swali la sayansi tupu. Swali lililokuwa rahisi kulieleza, lakini gumu mno kulitatua kwa kalamu na karatasi.

Swali lenyewe ni hili. Chukua gololi 32, zipange kwa mstari, kisha unganisha kila gololi na jirani yake kwa springi. Gololi za mwisho zifunge ukutani. Ukivuta na kuachilia, mstari wote utatikisika kama waya wa gitaa. Kama springi ni za kitabuni, yaani nguvu inaongezeka sawasawa na unavyovuta, basi hesabu ni nyepesi. Mtikisiko wote unagawanyika katika mitindo maalum, tuite modi. Modi ya kwanza ni upinde mmoja mkubwa, ya pili ni pinde mbili, na kuendelea. Ukianza na modi ya kwanza peke yake, itabaki hiyo hiyo milele. Modi hazisalimiani wala hazikopeshani nishati.

Springi za kweli haziko hivyo. Ukizivuta sana tabia yao hubadilika. Kwa hiyo Fermi na wenzake waliongeza kipande kidogo kwenye mlinganyo:

F = d + α × d²

Hapo d ni kiasi ambacho springi imevutika, na α ni namba ndogo, kwa mfano 1/4. Hicho kipande cha d² ndicho kinachoufanya mfumo usiwe wa mstari, na ndicho kinachoziruhusu modi kupeana nishati.

Sasa, matarajio yalikuwa nini? Fikiria kikombe cha chai. Ukitia kijiko cha sukari na kukoroga, sukari inaenea kila mahali. Hutarajii kwamba ukiendelea kukoroga sukari itarudi kuwa rundo moja pembeni mwa kikombe. Kadhalika na gololi. Anza na nishati yote katika modi ya kwanza, na baada ya muda igawanyike sawa kwa modi zote. Elimu ya joto katika fizikia imeegemea wazo la namna hiyo, na Fermi mwenyewe alikuwa amechapisha mwaka 1923, akiwa kijana, makala ya kujaribu kuthibitisha kwamba mifumo ya kawaida hujichanganya hivyo. Kwa hiyo hawakuwa na shaka kama itachanganyika. Walitaka tu kuona inachukua muda gani.

Aliyeifundisha MANIAC kufanya hesabu hiyo ni Mary Tsingou. Alizaliwa mwaka 1928 huko Milwaukee katika familia yenye asili ya Ugiriki. Sehemu ya utoto wake aliishi Bulgaria, kisha familia ikarudi Marekani mwaka 1940. Alipata shahada ya hesabu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1951, na mwaka uliofuata akaajiriwa Los Alamos. Kumbuka kwamba lugha ya Fortran haikuwepo bado, ilitoka mwaka 1957. Kuandika programu kulimaanisha kuichukua milinganyo, kuivunja hatua kwa hatua, na kupanga kila namba iwekwe wapi katika ile kumbukumbu finyu. Karatasi yake yenye mchoro wa hatua za programu, ya mwaka 1955, bado ipo.

Mashine ikaanza kuhesabu. Mwanzoni mambo yalikwenda kama yalivyotarajiwa. Modi ya kwanza ikapungua nishati, ya pili ikapanda, halafu ya tatu, halafu ya nne. Lakini badala ya kuenea kwa modi zote, nishati ikawa inazunguka ndani ya modi chache za mwanzo, kama mpira unaochezwa na wachezaji watano huku uwanja mzima ukiangalia. Kisha, baada ya hatua zinazokaribia 30,000, karibu nishati yote ikarudi katika modi ya kwanza. Upungufu ulikuwa asilimia chache tu. Maji yalikuwa yamezoleka.

Hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi yetu sisi waandika programu inapoguswa. Ukipata jibu la ajabu namna hii, unadhani nini kwanza? Mimi nadhani nimekosea. Mwezi uliopita niliamua kuiandika hesabu hii kwa Python kwenye kipakatalishi changu, mistari isiyofika 40. Mara ya kwanza nishati ya mfumo mzima ilipanda na kupanda mpaka namba zikalipuka. Je, nilikuwa nimegundua nishati ya bure? La hasha. Nilikuwa nimetumia njia ya Euler, ambayo katika mifumo inayotikisika huongeza nishati kidogo kila hatua. Nilipobadilisha njia nikapata mchoro ule ule wa mwaka 1955, tena kabla chai yangu haijapoa.

Mimi nilikuwa na jibu la kulinganisha nalo. Wao hawakuwa na chochote. Kilichowapa ujasiri ni kujaribu tena na tena: springi za aina ya d², za aina ya d³, na za aina ya tatu ambayo nguvu yake hubadilika ghafla ikivuka kiwango fulani. Kila mara hadithi ikawa ile ile, modi chache zikipokezana na nyingine zikibaki karibu tupu. Programu mbovu haikosei kwa utaratibu namna hiyo.

Fermi alifariki Novemba 1954. Ripoti ilitoka Mei 1955 kama ripoti ya ndani ya Los Alamos, namba LA-1940. Ukurasa wa mbele unasema kazi ilifanywa na watu wanne, Tsingou akiwemo. Halafu unasema ripoti imeandikwa na watatu. Ndani yake kuna maelezo mafupi ya kumshukuru Tsingou kwa kuandika programu na kuiendesha. Ulimwengu ukachukua yale majina matatu, na shukrani ikabaki chini ya ukurasa.

Basi, kwa nini maji yalizoleka? Jibu lilichukua miaka kumi. Mwaka 1965 Norman Zabusky na Martin Kruskal waliutazama mstari wa gololi kwa mbali, kiasi kwamba gololi hazionekani moja moja tena. Wakakuta kwamba mlinganyo unaobaki ni ule wa Korteweg na de Vries wa mwaka 1895, ambao ulitungwa kueleza mawimbi ya maji yenye kina kifupi. Wakauweka kwenye tarakilishi. Wimbi moja pana likajivunja kuwa vilima 8, kila kimoja na kasi yake, kirefu kikienda mbio kuliko kifupi. Kirefu kilipokikuta kifupi havikuvunjana. Vilipishana, na kila kimoja kikatoka na umbo lake, ila nafasi yake ilisogea kidogo. Wakaviita solitoni.

Sasa fikiria wanariadha 8 wakikimbia kwenye uwanja wa mviringo, kila mmoja na kasi yake. Watatawanyika, lakini utafika wakati ambapo watajikuta karibu wote mahali pamoja. Umbo la mwanzo linarudi. Hilo ndilo lililotokea ndani ya MANIAC.

Cha kushangaza ni kwamba wimbi kama hilo lilikuwa limeonekana kwa macho zamani. Mwaka 1834 mhandisi John Scott Russell alikuwa kando ya mfereji karibu na Edinburgh, Scotland, mashua iliyokuwa ikivutwa na farasi iliposimama ghafla. Kilima cha maji kikachomoka mbele ya mashua na kuendelea na safari peke yake bila kubadilika umbo. Russell akakifuata juu ya farasi wake kwa zaidi ya maili moja. Baadhi ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza walimtilia shaka kwa miaka mingi.

Baada ya 1965 milango ilifunguka. Mwaka 1967 Gardner, Greene, Kruskal na Miura waligundua njia ya kuutatua mlinganyo wa Korteweg na de Vries kikamilifu. Mwaka huo huo Morikazu Toda wa Japani alibuni mstari wa gololi wenye springi za aina ya pekee, ambao nao baadaye ulionekana kutatulika kikamilifu. Siri ya mifumo hii ni kwamba haina nishati tu ya kuhifadhi. Ina mambo mengi yasiyobadilika, kama mweka hazina mwenye daftari nyingi ambazo zote lazima zilingane. Kila daftari ni kizuizi, na vizuizi vikiwa vingi mfumo hauna nafasi ya kujichanganya. Springi za Fermi na wenzake hazikuwa za Toda, lakini zilikuwa jirani yake wa karibu sana, na jirani huiga tabia.

Je, methali imeshindwa? Hapana. Mwaka 1966 Izrailev na Chirikov wa Muungano wa Kisovieti walionyesha kwamba ukiongeza nishati ya kutosha vurugu huanza na mchanganyiko hutokea haraka. Na hata kwa nishati ndogo, hesabu ndefu za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba ukisubiri muda mrefu mno sukari huenea. Swali la Fermi la "inachukua muda gani" lilikuwa zuri. Jibu tu ndilo lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani.

Tsingou hakuliacha swali hilo. Mwaka 1972 yeye na James Tuck walichapisha makala kuhusu mzunguko mkubwa zaidi: kila nishati inaporudi inapungukiwa kidogo, kisha baada ya marejeo kadhaa inarudi karibu kamili. Lakini alikuwa ameolewa mwaka 1958, akaandika kwa jina la Menzel. Wasomaji wengi hawakujua ni mtu yule yule. Mwaka 2008 mwanafizikia wa Ufaransa Thierry Dauxois aliandika makala kueleza mchango wake na kupendekeza jina libadilishwe. Leo wengi huandika FPUT.

Wengine watasema yeye alifuata maagizo tu. Mimi siafiki. Katika jaribio la tarakilishi, programu ndiyo maabara. Kati ya mlinganyo na ile namba iliyowashangaza wote alisimama mtu mmoja, na laiti angekosea kama nilivyokosea mimi na Euler, yale maji tusingeyaona yakizoleka. Wenzangu mnaoandika programu za watafiti, au mnaowaajiri wa kuziandika, mkifika kwenye orodha ya majina mkumbukeni herufi ya nne.

Na ukipata jioni moja ya nafasi, iandike mwenyewe: gololi 32, α iwe 1/4, hatua 30,000. Utakapoona mstari wa modi ya kwanza ukipanda tena juu baada ya kupotea, utanielewa. Mpaka wakati mwingine.