Fimbo ya Becchi: Malezi ya Mtakatifu Yoane Bosco

Mara nyingi sisi mapadri na wakatekista tunawaambia wazazi: "Mpelekeni mtoto shuleni, walimu watamtengeneza." Basi mtoto anajifunza adabu mbele ya mwalimu, lakini nyumbani anaendelea kulelewa kwa makelele na fimbo. Tutazame historia ya mlezi mmoja mkubwa, tuone kwamba njia yake njema ya kufundisha ilianza nyumbani, tena yafaa irudi nyumbani.

Yoane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 kule Becchi, karibu na Torino, katika inchi ya Italia. Baba yake alikufa mwaka 1817. Mama yake, Margherita, hakujua kusoma. Inasimuliwa kwamba siku moja, wakati mama hayupo, mtoto alivunja chungu cha mafuta. Hakujificha. Alikata fimbo, akaichonga vizuri, akaenda kumlaki mama njiani, akamkabizi fimbo ile na kuungama kosa lake. Mama akacheka, akamsamehe, akamwonya afikiri mbele ya kutenda. Tuangalie vema: mtoto hakuikimbia fimbo, kwa maana alijua kwamba anapendwa.

Alipewa upadri tarehe 5 Juni 1841. Tarehe 8 Desemba mwaka ule, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi huko Torino, mtunza sakristia alimpiga na kumfukuza kijana maskini, Bartolomeo Garelli, kwa sababu hakujua kutumikia Misa. Padri Bosco akaagiza arudishwe. Akamwuliza habari zake kwa upole: kusoma hajui, kuimba hajui. Akamwuliza kama anajua kupiga mluzi. Kijana akacheka. Hapo ndipo katekisimu ilipoanza.

Mwaka 1846 Margherita alihamia Valdocco pamoja na mwanawe, akawa mama wa vijana wasio na kwao mpaka alipokufa mwaka 1856. Mwaka 1877 mwanawe aliandika kwa kifupi njia yake ya kuzuia makosa kuliko kuyaazibu: watoto wajulishwe sheria kwanza, mlezi akae kati yao kama baba, asipige, amwonye mkosaji kwa faragha, si mbele ya wenzake. Nguzo zake ni tatu: akili, dini na upendo. Mwaka 1911 wanashirika wake walifika Elisabethville, leo Lubumbashi.

Je, mambo haya ni ya darasa tu? Hata kidogo. Baba anayempiga mtoto pasipo kumweleza sababu anamfundisha jambo moja tu: kujificha. Mtoto huyo atatii akionekana, ataiba asipoonekana. Na tukimfundisha kusali "Baba yetu", ataelewa nini, ikiwa neno "baba" linamtetemesha?

Basi, tunapozitembelea jamaa za Wakristu, tusiulize tu kama watoto wamebatizwa na kama wanasoma. Tuulize tena: mtoto wenu akivunja chungu, anakimbilia wapi, kwenu ao porini?