Kufika na Kufikishwa: Jina la Sikukuu ya Wahindi wa Ng'ambo

Kila tarehe 30 Mei, Trinidad na Tobago hufunga ofisi na shule kuadhimisha Siku ya Kuwasili kwa Wahindi. Ngoma za tassa hurindima, ufukweni watu huigiza kushuka kwa abiria wa kwanza, na wazee husimulia habari za merikebu iliyotia nanga mwaka 1845 ikiwa na watu wapatao 225 kutoka Calcutta, baada ya zaidi ya siku mia moja baharini. Jina la merikebu hiyo huandikwa Fatel Razack, lakini sikio la Mswahili halikosi kulitambua: ni Fathi ya Razaki, ushindi wake Mwenye kuruzuku. Riziki imo katika jina la chombo, na riziki ndiyo waliyoahidiwa waliopanda.

Ninalotaka kulichungua hapa ni hilo neno kuwasili. Katika sarufi yetu, kufika ni tendo lake afikaye. Ongeza kiambishi cha kusababisha, upate fikisha. Ongeza cha kutendwa, upate fikishwa. Nilipofundisha mnyambuliko nilizoea kuwaambia wanafunzi kwamba silabi moja huweza kumhamisha mtu kutoka kwenye utendaji hadi kwenye utendwa. Je, Wahindi hawa walifika, au walifikishwa?

Utumwa ulipofutwa katika makoloni ya Uingereza mwaka 1834, bunge la nchi hiyo lilitenga fidia ya pauni milioni 20 kwa wamiliki wa watumwa. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti. Wenye mashamba ya miwa wakaanza kutafuta mikono mingine, nao hawakuchelewa: tarehe 2 Novemba mwaka huo huo merikebu Atlas iliwafikisha Mauritius vibarua 36 kutoka India. Guyana ikafuata tarehe 5 Mei 1838, kwa merikebu mbili, Whitby na Hesperus, zilizoteremsha watu 396. Miongoni mwa matajiri walioagiza vibarua hao alikuwemo John Gladstone, baba wa waziri mkuu wa baadaye wa Uingereza. Afrika Kusini ilipokea wake mwaka 1860.

Suriname, koloni la Uholanzi, ndiyo inayonifikirisha zaidi. Huko utumwa ulifutwa tarehe 1 Julai 1863, lakini waliokuwa watumwa walilazimishwa kufanya kazi za mikataba chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka kumi zaidi. Muda huo ulikuwa uishe tarehe 1 Julai 1873. Merikebu Lalla Rookh, iliyobeba jina la utenzi wa Thomas Moore, iliwasili na Wahindi tarehe 5 Juni 1873, zikiwa zimebaki wiki chache tu. Sikukuu hizo mbili za Suriname, ya uhuru na ya uhamiaji, hutenganishwa na siku ishirini na sita kwenye kalenda.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba wote walitekwa. Wapo waliokimbia njaa na madeni, wapo wajane waliokimbia unyanyasaji wa ukoo, na wapo waliomaliza mkataba wakautia saini tena. Lakini wapo pia waliorubuniwa. Husimuliwa kwamba mawakala waliigeuza Trinidad kuwa "Chinidad", nchi ya sukari, kwa kuwa chini kwa Kihindi ni sukari. Waliokwenda Suriname nao waliambiwa wanakwenda nchi ya Sri Ram. Mchezo wa maneno, ambao sisi washairi tunaufanyia fahari, hapo ulikuwa chambo.

Basi jina la sikukuu halikosi kuleta ubishi. Trinidad ilipoitangaza mara ya kwanza, mwaka 1994, iliitwa Siku ya Kuwasili tu. Mwaka uliofuata, miaka 150 ilipotimia, maneno "kwa Wahindi" yakaongezwa. Guyana, iliyoifanya ya kitaifa mwaka 2004, iliamua kuiita Siku ya Kuwasili bila kutaja kabila, ili iwe ya wote. Nia ni njema, lakini kumwambia mjukuu wa Mwafrika aliyesafirishwa kwa minyororo kwamba babu yake "aliwasili" ni kulitwisha neno mzigo lisioweza kuubeba.

Fiji walipita njia nyingine. Wahindi wa kwanza walifika huko tarehe 14 Mei 1879 kwa merikebu Leonidas, na hadi mwaka 1916 walikuwa wamezidi 60,000. Mkataba wao ulikuwa wa miaka mitano, na kukataa kazi lilikuwa kosa la jinai. Karatasi hiyo Waingereza waliita agreement. Vinywa vya wanavijiji vikaitafuna ikawa girmit, na aliyeitia dole gumba akawa girmitiya. Sisi tunalo neno la aina hiyo hiyo: manamba, wafanyakazi wa mkataba wa mashamba ya katani ya Tanga, waliotambuliwa kwa namba. Katika kila neno, lugha ya bwana imemezwa na kutolewa upya na mtumishi.

Neno lao jingine ni jahaji, la ukoo mmoja na jahazi letu. Waliosafiri chombo kimoja waliitana jahaji bhai, ndugu wa jahazini. Kuvuka "maji meusi" kulihesabiwa kuwa kumpotezea mtu tabaka lake, na huko walikokwenda undugu huo wa melini ulichukua nafasi ya ukoo uliobaki nyuma.

Mwaka 2023 serikali ya Fiji iliifanya Siku ya Girmit kuwa sikukuu ya taifa. Haikuiita ya kuwasili wala ya uhamiaji. Ilichukua neno la vibarua lilivyo. Katika maadhimisho hayo waziri mkuu Sitiveni Rabuka, aliyeongoza mapinduzi ya 1987 dhidi ya serikali iliyoungwa mkono na Wahindi wengi, aliomba radhi hadharani. Baada ya mapinduzi hayo maelfu ya wajukuu wa girmitiya walihamia Australia, New Zealand na Kanada. Huko Auckland nako hukutana kila Mei, na siku yao huiita Girmit.