Nani Amekuwa Akiisimulia Songwe?

Mkoa wa Songwe ulizaliwa mwaka 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya, lakini simulizi zake ni za kale mno. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wakiyeyusha na kufua chuma kabla Wazungu hawajafika, na ujuzi huo ulirithishwa kwa maneno, kwa mikono na kwa miiko. Kimondo cha Mbozi, pande kubwa la chuma, wenyeji walikijua tangu enzi za mababu. Hata hivyo vitabu husema kiligunduliwa mwaka 1930, kwa sababu tu mwaka huo ndipo mgeni alipokiandika. Katika historia ya eneo hili, asiyeandika huhesabiwa kama hakuona.

Kalamu ilikuja na wamisionari. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na karne ilipokuwa ikigeuka walikuwa wameshajenga Mbozi, ambako Traugott Bachmann alijifunza Kinyiha na kuandika mila za watu. Mwenzake Elise Kootz-Kretschmer alifanya jambo ambalo kwangu ni kubwa zaidi: aliketi na watu wa kawaida wakamsimulia maisha yao. Mmoja ni Narwimba, mjane aliyeomba mwenyewe kurithiwa ili apate mwanamume wa kumkinga, wakati ambapo mwanamke asiye na mtu aliweza kuuzwa kwa misafara ya watumwa. Mwingine ni Msatulwa Mwachitete, Mnyiha. Masimulizi hayo yalichapishwa Ulaya kwa Kijerumani, na mwaka 1993 mwanahistoria Marcia Wright akayapa uhai mpya katika kitabu chake kuhusu watumwa na wanawake wa ukanda huu. Leo mwanafunzi wa Marekani anaweza kumsoma Narwimba darasani. Wa Vwawa, makao makuu ya mkoa wa Songwe, je?

Mpaka wa Tanzania na Zambia nao ulikata simulizi vipande viwili. Waingereza na Wajerumani walipogawana ardhi mwaka 1890, Wanyamwanga walijikuta huku na huku. Upande wa pili, ambao leo ni Zambia, karibu na Nakonde, shule ya Waskoti ya Mwenzo ililea kina Donald Siwale, ambao mwaka 1923 walikiunda upya chama chao cha ustawi na kujadili kodi na haki za Waafrika. Hao hawakusubiri mgeni awaandikie.

Baada ya uhuru ikaja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na Tunduma, mji wa mpakani, ikageuka lango. Tangu hapo mji umejaa Kibemba, Kinyamwanga, Kinyiha, Kindali, na Kiswahili kinachowaunganisha wote. Kiswahili kimefanya kazi njema isiyo na kifani, ila kimetuachia deni. Redio na magazeti hayatumii lugha za makabila, hivyo hadithi ya bibi wa wilaya ya Ileje huvuka kwanza mto wa lugha ndipo isikike. Wataalamu wa isimu waliofanya kazi kutoka Mbeya tangu miaka ya 2000 wamesaidia Kinyiha, Kimalila na Kindali kupata tahajia. Kwa hiyo herufi zipo. Wanaohitajika ni waandishi.

Na wameanza kuonekana: vijana wenye simu mkononi wanaoandika asili ya koo zao, mapishi, ngoma na majina ya vilima. Ninawapenda kwa uthubutu wao, na nina ombi kwao. Waandike jina la aliyewasimulia, kama mwenyewe ameridhia, pamoja na kijiji chake, na walibakize neno la Kinyiha pale Kiswahili kinapolipunguza. Tena wasiishie kwenye mila. Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019, na bado maisha ya wabadilisha fedha, wapakiaji, mama lishe na madereva wanaolala kwenye foleni hayajapata mwandishi wake. Kijana aliyebeba mataruma ya reli mwaka 1974 akiwa na miaka 20 sasa amevuka 70. Wa kwenda kuongea naye aende mwaka huu.